Gia angani, klachi alikanyaga nani?

Mjomba wangu ni fundi magari, gereji yake iko Gongo la Mboto chini ya mwembe, na ile siku ya 2015 Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, aliposema chama chake cha upinzani kimebadili gia angani kwa kumpokea Edward Lowassa kutoka chama tawala CCM, mjomba aliweka spana chini, akafuta mikono, akauliza swali ambalo mpaka leo sijasikia mwanasiasa hata mmoja akilijibu. "Gia unabadili umekanyaga klachi. Sasa huko angani klachi kakanyaga nani?"

Tulicheka sana siku ile. Baadaye kicheko kikaisha ila swali likabaki, na kila mwanasiasa anapohama chama nalikumbuka, na kwa jinsi wanavyohama Tanzania hii ina maana nalikumbuka karibu kila mwezi.

Kwa mliokuwa bado wadogo 2015, stori ilikuwa hivi. CCM walikuwa wanatafuta wa kumrithi Kikwete, watu zaidi ya 40 wakachukua fomu, yaani mpaka tukawa tunataniana mtaani nani bado hajachukua, lakini jina lililokuwa linatajwa saluni, kwenye daladala na misibani lilikuwa moja tu, Edward Lowassa. Mwezi Mei alijaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid kule Arusha akazindua Safari ya Matumaini yake. Julai vikao vikakaa Dodoma na jina likakatwa. Hilo ndilo neno letu, kukatwa, kama umeme. Hata tano bora hakuingia, tano bora walikuwa Membe, Magufuli, January Makamba, Asha-Rose Migiro na Balozi Amina Salum Ali. Nchimbi, Kimbisa na Sophia Simba wakatoka kwenye Kamati Kuu wakawaambia waandishi hawakubaliani na kilichofanyika, wajumbe wa Halmashauri Kuu wakamuimbia mwenyekiti wao "tuna imani na Lowassa" mbele ya macho yake, haikusaidia kitu, Magufuli akapita. Baada ya wiki mbili na siku kadhaa, tarehe 28 Julai, Lowassa huyo yuko Bahari Beach anapokea kadi ya CHADEMA.

Sasa ili uelewe kwanini mjomba aliweka spana chini lazima urudi nyuma zaidi, mpaka Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga Temeke. Mjomba alikuwepo, na haijawahi kupita wiki bila kutukumbusha. Dokta Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, alisimama akasoma majina 11 ya wale aliowaita mafisadi wa nchi hii, na jina la Lowassa, wakati huo waziri mkuu kabisa yupo kazini, lilikuwemo. Februari 2008 ikaja ripoti ya kamati ya Bunge ya Mwakyembe kuhusu Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme, Lowassa akatangaza bungeni anajiuzulu uwaziri mkuu. Mwenyewe mpaka anakufa alikataa kwamba aliiba, na hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani, hilo tuseme kwa haki. Lakini CHADEMA ya akina mjomba ilijengwa na hotuba ile. Ukiwauliza kwanini uko upinzani jibu lilikuwa neno moja, ufisadi, na ukiwauliza fisadi ni nani walikuwa na jina mkononi.

Halafu siku moja asubuhi lile jina ndio mgombea wako.

Watu wengi wakizungumzia athari za kuhama wanahesabu kura, fulani kaja na kura ngapi, fulani kaondoka na kura ngapi. Mimi naona kura ndio kitu kidogo kabisa hapo. Mhamaji anaondoka na maneno yako. Mama yangu ni CCM damu, alikuwa kiongozi wa tawi la UWT, umoja wa wanawake wa CCM, na kwa miaka karibu nane alikuwa akibishana na kaka yake kuhusu ufisadi anashindwa, anaishia kusema haya bwana kunywa chai ipoe. Ile Agosti 2015 mama hakuhitaji hata kubishana, alikuwa anamuuliza tu kwa upole, "Kaka, ile listi ya Mwembeyanga bado unayo?" Mjomba anaangalia pembeni. Nimeishi na yule mzee miaka mingi na sikuwahi kumuona ananyamazishwa na mama kabla ya hapo.

Na sio mjomba peke yake. Slaa, katibu mkuu, mtu aliyesimama 2010 akapata zaidi ya robo ya kura za urais, alipotea kwenye vikao halafu tarehe 1 Septemba akaita waandishi hoteli ya Serena akasema anaachana na siasa za vyama, laivu kwenye televisheni, gereji nzima ikasimama kazi. Kabla yake Lipumba alikuwa ameshajiuzulu uenyekiti wa CUF, chama kingine cha upinzani, akisema nafsi inamsuta. Hawa ni watu wawili waliokuwa nguzo za UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, na UKAWA yenyewe ilizaliwa kwenye Bunge la Katiba 2014 kutetea rasimu ya katiba ya Warioba, kwa hiyo kumpokea mtu aliyetoka juzi upande ule mwingine kulikuwa na utata hata ukiacha mambo ya Richmond. Yule Lipumba akarudi CUF 2016 kudai kiti chake, msajili akamtambua, chama kikapasuka vipande viwili, na Machi 2019 Maalim Seif, katibu mkuu wa kipande cha pili, na watu wake wakahamia ACT-Wazalendo, bendera zikashushwa matawi yakapakwa rangi upya kwa siku moja. Wapo wanaosema CUF ingepasuka tu hata bila Lowassa. Labda. Ila ufa ulianzia Agosti ile.

Lakini nisidanganye, kampeni ilikuwa tamu. Mnakumbuka ule mtindo wa kuzungusha mikono? Kama refa wa akiba anapoashiria sabu, mikono miwili inazungukana kifuani, mabadiliko, Lowassa, mabadiliko. Watoto wa shule walikuwa wanazungushia madirisha ya daladala, konda naye anazungusha, trafiki anaangalia chini anatabasamu. Mikutano tukaiita mafuriko. Mgombea mwenyewe alikuwa anaongea dakika chache sana, afya ilikuwa inaonekana wazi, anasema elimu, elimu, elimu, anashuka, na watu wanaondoka wameridhika. Mjomba alishikilia kinyongo kama wiki tatu hivi, halafu siku ya uzinduzi Jangwani nikamuona amevaa fulana. Nikamuuliza mjomba vipi klachi? Akaniambia, "Gari likishaanza kuteremka huulizi tena klachi, unashika usukani."

Matokeo mnayajua. Magufuli kura 8,882,935, asilimia 58.46, Lowassa kura 6,072,848, asilimia 39.97. Hakuna mpinzani aliyekuwa amewahi kupata hizo tangu vyama vingi virudi, na kwa chama hizo sio namba za mapambo, wabunge wakaongezeka, madiwani wakaongezeka, na ruzuku inafuata kura na wabunge. Kwa hiyo Mbowe alikuwa na hoja, na wanaosema ile ilikuwa ujinga mtupu wanasahau hizo milioni sita.

Tatizo ni kwamba filamu hii tulishaiona. 1995 Augustino Mrema alitoka CCM akatua NCCR-Mageuzi, watu walikuwa wanasukuma gari lake kwa mikono ili asichome petroli, mama ananiambia hata yeye alitamani kusukuma sema aliogopa kuonekana. Mrema akapata asilimia 27.77. NCCR ikapata viti 16 vya majimbo. Halafu ugomvi ndani, Mrema akahamia TLP 1999, na uchaguzi wa 2000 NCCR ikarudi bungeni na kiti kimoja. Kimoja! Kile chama hakijawahi kusimama tena vizuri mpaka kesho. Ukimkaribisha mgeni ukamwachia kitanda chako, siku akiondoka unakuta umesahau jinsi ya kulala kwako.

Hapa naomba niseme kitu ambacho kitaniletea matusi. Mimi simlaumu sana mhamaji. Nailaumu sheria. Katiba yetu ibara ya 67 inasema ili ugombee ubunge lazima uwe mwanachama wa chama na chama hicho kikupendekeze, na urais nao ni hivyohivyo. Mgombea binafsi hakuna. Marehemu Mchungaji Mtikila alipigana mahakamani miaka na miaka, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge, akaenda Mahakama ya Afrika palepale Arusha akashinda 2013, na bado hakuna mgombea binafsi. Sasa mtu mwenye watu milioni kadhaa nyuma yake amekatwa na kikao cha watu wachache, unategemea afanye nini? Lazima akaazime koti. CHADEMA ya 2015 kwa Lowassa ilikuwa koti la kuazima, na yeye kwao alikuwa injini ya kuazima, wote walijua na wote walitabasamu kwenye picha. Hata mgombea mwenza, Juma Duni Haji, alikuwa mtu wa CUF ikabidi achukue kadi ya CHADEMA ili fomu ikubalike, maana wawili lazima watoke chama kimoja. Kiongozi mkubwa tu, anabadili chama kwa ajili ya kujaza fomu! Tulikuwa hata hatushangai.

Na ibara ya 71 inakata upande wa pili, mbunge akiacha chama kilichompeleka bungeni anapoteza ubunge hapohapo. Nia yake nadhani ilikuwa kuwazuia wasihame ovyo. Kilichotokea sasa, mtu anahama, jimbo linakuwa wazi, uchaguzi mdogo unaitishwa kwa hela za walipa kodi, na anagombea huyohuyo kwa kadi mpya.

Hii ndio ilikuja kumvunja mjomba kabisa, zaidi ya Lowassa.

2015 alikuwa wakala wa CHADEMA kwenye kituo kimoja jimbo la Ukonga. Alilinda kura mpaka saa tisa usiku, kibanda kina koroboi moja na taa ya simu, akasaini fomu ya matokeo ya ubunge akapewa nakala yake, Mwita Waitara wa CHADEMA kamshinda Jerry Silaa wa CCM. Ile nakala aliikunja akaiweka kwenye boksi la vifaa, kwenye droo ya juu pamoja na spaki plagi mpya, na alikuwa akimuonyesha mteja yeyote mwenye subira. Kuna alama ya dole gumba la grisi kwenye kona, yake mwenyewe, anasema ndio muhuri.

Halafu ukaanza ule msimu wa kuunga mkono juhudi. Mtulia wa Kinondoni kutoka CUF na Mollel wa Siha kutoka CHADEMA walijiuzulu Desemba 2017, wakatangaza wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli, Februari 2018 wakarudi kugombea kwa CCM wakashinda. Ule uchaguzi wa Kinondoni ulituachia msiba, binti mwanafunzi wa chuo cha usafirishaji alipigwa risasi akiwa kwenye daladala, siku moja kabla ya kupiga kura, polisi walipokuwa wanatawanya waandamanaji wa CHADEMA. Alikuwa abiria tu. Mtu kabadili kadi, na mtoto wa watu hakurudi nyumbani. Sina cha kuongeza hapo.

Julai 2018 ikawa zamu ya Waitara. Na Julius Kalanga, mbunge wa CHADEMA wa Monduli, Monduli ya Lowassa hiyohiyo, naye akaondoka. Mjomba alisikia kwenye redio ya gereji. Hakusema neno, akafungua droo akaitoa ile karatasi akaiangalia mbele na nyuma kama mtu anayekagua noti bandia, akairudisha. Septemba uchaguzi mdogo ukafanyika, mjomba kwa mara ya kwanza tangu awe na kadi ya mpiga kura alibaki chini ya gari siku nzima. Ningependa kukwambia alikuwa anatengeneza kitu. Alikuwa amelala tu.

Lakini upande wa mama nao mambo hayakuwa mazuri, na hili watu hawalisemi. Wahamaji wale walipewa tiketi ya CCM moja kwa moja na vikao vya juu, kura za maoni hakuna. Fikiria wewe umebeba viti vya mikutano miaka 20, umeimba, umechangia, umekaa foleni ukisubiri zamu yako ya kugombea, halafu anakuja aliyekuwa anakutukana kwenye jukwaa mwaka jana, anapewa kofia mpya na fomu siku moja. Jerry Silaa alishindwa na Waitara 2015, na 2018 aliyemshinda ndiye akasimama kwa tiketi ya CCM jimbo lilelile. Mama na wenzake waliambiwa wampigie debe, wakampigia, maana chama ni chama. Jioni moja nikamsikia anamwambia shoga yake jikoni, "Sisi tulioolewa kwa ndoa tunapika, aliyekuja kwa kutoroka anapewa upaja wa kuku." Waitara mwenyewe alipata unaibu waziri mwaka huohuo, na 2020 akaenda zake kugombea Tarime Vijijini, Ukonga akarudi Silaa. Kwa hiyo Ukonga tulifanyishwa mazoezi tu.

Na tarehe 1 Machi 2019 Lowassa akarudi Lumumba, ofisi ndogo ya CCM, Magufuli anampokea, mfanyabiashara Rostam Aziz yuko pembeni. Akasema amerudi nyumbani. Dalili zilikuwepo, Januari 2018 alishakwenda Ikulu akatoka anamsifia rais wakati huo yeye ni mjumbe wa Kamati Kuu ya CHADEMA. Sumaye, waziri mkuu mwingine wa zamani, aliyemfuata Agosti 2015 akatoka Desemba 2019, miezi michache akawa CCM tena. Nyalandu, waziri wa zamani, aliyehamia CHADEMA 2017 kwa kishindo, 2021 karudi. Yaani ukiandika orodha ya vigogo waliotoka kule ukafuta waliorudi, karatasi inabaki nyeupe sana.

Wakati mwingine hata kura haziji. Membe alifukuzwa CCM Februari 2020, ACT-Wazalendo wakampa tiketi ya urais, halafu viongozi wa chama hichohicho, Zitto na Maalim Seif, wakasema wao wanamuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA. Akaishia kura elfu 81 na kitu. Alikuwa waziri wa mambo ya nje miaka minane yule.

Na kuna ile ya kinyume, chama kinakufukuza halafu bungeni unabaki. Wale wabunge 19 wa viti maalum, Halima Mdee na wenzake, CHADEMA iliwavua uanachama Novemba 2020 na wakaendelea kukaa Dodoma. Kwa hiyo ile ibara ya 71 inauma au haiumi? Inategemea nani ameshikilia meno.

2025 tumeona tena, Lissu kamshinda Mbowe uenyekiti mwezi Januari, mwezi Mei kundi la viongozi waliokuwa upande wa Mbowe likahamia CHAUMMA, chama tulichokuwa tunakijua kwa ahadi ya ubwabwa ya mzee Rungwe, na Salum Mwalimu akawa mgombea urais wake. Nikampigia simu mjomba kumuuliza anaonaje. Akaniuliza kama pikipiki yangu nimeshabadili oil.

Ile fulana ya Jangwani haipo tena, ilikuwa tambara la kufutia dipstiki mpaka ikachanika. Fomu bado ipo kwenye droo.

Februari 2024, siku Lowassa anazikwa kule Monduli, mjomba alifunga gereji akaja kwetu kuangalia kwenye tivii, hakusema anakuja, tulimuona tu mlangoni ameoga na amevaa kanzu. Mama akamsogezea kiti. Waliangalia muda mrefu bila kuongea, rais yupo, jeneza, heshima za mwisho, mizinga, wazee wa Kimasai. Mama ndio akaanza, akasema, "Alikuwa mtu wetu huyu."

"Miaka mitatu na miezi saba alikuwa wetu sisi," mjomba akamjibu, na akaomba aongezewe chai.